Corvedale Iende Wapi

Jumatatu, 6 Machi 2023

Crispin, mkurugenzi wetu, ametuita ofisini asubuhi, mimi na Wilf, na chai hakutupa. Nikajua kuna jambo. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja Bi. Lightfoot, mwenyekiti wa wale watu wa London walionunua sehemu kubwa ya kampuni mwaka jana. Anakuja kuamua Corvedale ielekee wapi.

Njia ni tatu. Tuendelee na magari ya petroli mpaka sheria itukataze. Au tutengeneze gari dogo la umeme, jepesi, la viti viwili — langu hilo, nililolihangaikia miaka miwili. Au tubandike jina letu kwenye gari refu la familia, lile la kukaa juu, litakaloundwa na watu wengine huko mbali, karakana hii ya Ludlow ifungwe, na sisi sitini na wanne twende zetu.

Hilo la tatu kalisema harakaharaka, macho dirishani.

Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Kampuni kaianzisha baba yake. "Tutaangalia, Gwenda." Miaka ishirini na sita nachora magari hapa na jibu ni hilo hilo. Tutaangalia! Tunaangalia nini?

Jumanne, 7 Machi

Nimelipima tena gari langu la majaribio. Kilo 842. Mwezi uliopita lilikuwa 846. Kilo nne zote ni za Wilf Tolley — kalitupa boneti la kwanza akagonga jingine kwa alumini nyembamba zaidi, kwa mkono, siku tisa. Na mtu huyo huyo hataki hata kukaa ndani ya gari lenyewe. Anasema gari lisilo na sauti ni friji yenye magurudumu. Nikamuuliza, basi mbona unalipunguzia uzito? Akasema friji nzito ni mbaya zaidi.

Nilicheka, kisha nikaudhika. Fundi bora wa bodi niliyepata kumjua, na hata yeye sijaweza kumshawishi. Hao wa London nitawaweza vipi?

Alhamisi, 9 Machi

Leo mshauri wa masoko. Bwana mmoja mwenye raba nyeupe pe, anaruka madimbwi ya uani kwetu kama paka. Anasema watu tisa kati ya kumi waliohojiwa hawataki gari la viti viwili. Waliohojiwa wapi? Kwenye maduka makubwa, mjini Reading. Walifuata nini huko? Hajui. Nikamwambia mtu aliyetoka nyumbani kununua mapazia ukimuuliza kama anataka mashua, atasema hataki. Akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani kaandika kwamba mimi ni mkaidi.

Baadaye akauliza kama dereva anaweza kuinuliwa kidogo, akae wima kama kwenye kiti cha jikoni. Wilf alikuwa anapita na nyundo yake. "Muuzieni kiti cha jikoni," akasema, akaenda zake.

Kichwa kinaniuma tangu saa tisa.

Jumamosi, 11 Machi

Siku njema. Niandike kabla haijaharibika.

Miezi minane namwomba Crispin aliendeshe gari lile, miezi minane ana shughuli. Leo kakubali. Tumelipeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mvua ikawa imekatika, lami bado inang'aa. Mzunguko wa kwanza kaenda kama mtu aliyebeba mayai. Wa pili vilevile. Wa tatu — wa tatu kaingia kona ya mwisho bila kugusa breki, nyuma ya gari ikateleza kidogo, akairudisha kwa vidole tu. Nimesimama kwenye baridi nikijiumauma midomo.

Alipotoka alikaa kwenye majani na kofia yake mapajani. Macho yamelowa. Akasema baba yake angelitambua gari hili hata akifungwa kitambaa usoni. Halafu akasema: "Ijumaa nitasimama na wewe."

Nimerudi nyumbani nikiimba. Alun alikuwa katengeneza pai ya nyama. Akauliza, kwa upole tu, kama ahadi hiyo Crispin kaiandika mahali. Nikamjia juu, maskini mume wangu. Pai sikuimaliza.

Jumatatu, 13 Machi

Kimeletwa kisanduku mezani kwangu, kwa makosa. Nikakifungua. Ndani kuna nembo ya Corvedale yenye upana wa sahani ya chakula. Ya kwetu inaenea kiganjani! Hakuna gari tulilowahi kuunda ambalo lina pua ya kubeba kitu kile. Nilikigeuzageuza muda mrefu, mjinga mimi, kabla sijasoma barua. Wale wa gari refu wanamshukuru Bwana Mostyn — Crispin wetu — kwa kutia saini mkataba mwezi Januari. Imebaki saini ya mwenyekiti tu, Ijumaa.

Nikaenda ofisini kwake. Sikugonga.

"Jumamosi ulikuwa umeshasaini?"

"Nilikuwa nimeshasaini."

"Sasa pale ulikuwa unalia nini?"

Akaikunja pembe karatasi moja. Baadaye akasema amechoka. Ana miaka sitini na moja, binti zake hawataki hata kusikia habari za magari, kila mwaka sheria mpya, kila mwaka anawaza huu ndio wa mwisho. Bora jina libaki juu ya kitu chochote kuliko lizikwe. "Wewe jioni unaenda nyumbani, Gwenda. Mimi siendi, hata nikiwa nyumbani."

Nilikaribia kumhurumia. Halafu akanipa kazi yangu ya Ijumaa: dakika tano, nisimulie historia ya kampuni, nishukuru wageni. Nimefunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikapasuka.

Jumatano, 15 Machi

Nimemwambia Wilf. Kafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kisha akaomba ufunguo wa lile gari la umeme. Kazunguka uani mara moja, mara mbili, akatoka getini. Robo saa baadaye akarudi.

"Mlango wa kushoto unalia."

"Wilf, haina haja tena. Wameshaamua."

"Nimekwambia unalia. Mtu asije akasikia mlango wangu unalia."

Akaung'oa. Kaufanyia kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Mimi hasira sikuwa na pa kuipeleka. Nimefagia karakana nzima. Haikuwa hata zamu yangu.

Ijumaa, 17 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za stoo. Inakaribia saa sita mchana.

Bi. Lightfoot kafika saa nne. Mama mfupi wa makamo, viatu vya kutembelea milimani, biskuti kazikataa. Mkataba mezani, kalamu juu yake. Nikasimama kwa dakika zangu tano na historia yote ikanitoroka. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Bibi, historia mnayo kwenye karatasi. Gari liko nje. Liendeshe kwanza, ndipo usaini."

Crispin akacheka, akasema Gwenda anatania. Nikasema sitanii. Yule mama akauliza jambo moja tu, kama bima inamhusu na yeye. Nikasema ndiyo. Akachukua ufunguo.

Kupanda kilima cha Clee na kurudi ni dakika kumi na tano. Sasa zimepita hamsini na tano. Crispin kampigia mara mbili — simu inalia chumba cha mkutano, ndani ya mkoba wake. Bwana wa raba nyeupe anazunguka uani, na leo madimbwi hayaruki. Wilf kakaa karibu yangu, anatafuna kipande cha pai baridi. Anasema ama amelipenda, ama amelitia mtaroni. Nimemwambia anyamaze.

Anakuja. Silisikii, naliona tu. Tope mpaka kwenye vioo.

Kasimama getini, hatoki. Crispin kamkimbilia, kainama dirishani. Yule mama anamuuliza kitu. Crispin anatikisa kichwa. Anaulizwa tena. Safari hii hatikisi. Anatazama chini, anajibu kwa ufupi; neno moja tu linanifikia: "Jumamosi."

Sasa yule mama anafungua mlango wa pili kutoka ndani, ule wa kushoto, na ananiita mimi kwa mkono.

Wilf ananisukuma bega. Crispin amebaki pale pale njiani, hajanipisha; nafunga daftari, naenda —