Mkwe Uliyempikia Samaki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna wa kukuletea barua, lakini nisiposema nitapasuka, na mwenyewe ulikuwa ukisema mdomo wangu hauna kizibo. Basi sikiliza. Mume wangu hakuwapo, mama. Hakuwapo hata siku moja.

Unaikumbuka Jumamosi ile ulipovuka feri kutoka Likoni ukaja kwangu Changamwe bila kuniambia? Nilikuwa nakanda chapati. Ukaniita, nikaitika "Abee!", nikatoka mbio, nikakukuta uani, mikono kiunoni, unaitazama kamba ya nguo. Ovaroli ya buluu ilikuwa inachuruzika maji, madoa ya girisi yamegoma kutoka. Chini yake viatu vizito vya gereji.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mwenyewe alikuwa mbele yako, unga mpaka kwenye viwiko. Lakini nilikuwa nimekwambia nauza kwenye duka la vitambaa. Nikajibu yuko kazini.

"Mmefunga nikaha?"

"Ndiyo, mama. Kimya kimya. Nimeshaachika mara moja, sikutaka maneno ya watu."

Lo! Nilidhani utanigombeza, wewe ukapiga kigelegele pale pale, majirani wakachungulia. Nani angekuwa na moyo wa kukukatiza?

Ngoja nikwambie ilivyokuwa. Nilipoachika sikwenda duka lolote. Nilikuwa nauza chai kwenye gereji ya malori. Siku moja fundi akashindwa kuifikia nati nyuma ya injini, mkono wake mnene. Nikaweka birika chini, nikamwambia hebu nipishe. Ilipofunguka nilicheka peke yangu kama mwehu. Miaka yote ile ya kujipamba na kungoja kusifiwa mapishi, sikuwahi kufurahi namna hiyo. Nikajua, kumbe huyu ndiye mimi. Birika nikampa mwingine.

Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ya miaka mitatu. Kila ukitaka kumwona mkweo, nasema ni dereva, kapeleka mzigo Malaba. "Masikini, huko atakula nini?" Ukanipa samaki wa kupaka kwenye bakuli lenye kifuniko, ukaniapisha nisimguse. Nilifika nyumbani nikamla mzima, wallahi, huku nalia na kulamba vidole.

Mara moja tu nilikaribia kukwambia. Ulinishika kiganja, ukapapasa sugu. "Mikono gani hii, Mwanamisi?" Nikasema ni kufua ovaroli zake. Ukachukua mafuta ya nazi ukanikanda kidole kimoja kimoja, unanung'unika, "Mwambie afue mwenyewe, ana mikono." Nilichoogopa si ukali wako, mama. Niliogopa utanitazama uone mtu usiyemjua. Nikakupa na mkono wa pili, na mafuta yakaniingia vizuri.

Kisha ukaenda zako, ghafla, kabla sijasema. Sasa navaa ovaroli yangu na mtandio wangu mpaka barabarani, sijifichi kwa mtu. Madereva wanapanga foleni, "Breki hii asiiguse mtu ila Mwanamisi." Ungewaona wanavyoringa na mimi! Lakini kila nikimaliza kazi ngumu natafuta mtu wa kumsimulia, na mtu mwenyewe ni wewe. Nakutamani, mama. Nakutamani mpaka nakasirika.

Siku ya arobaini yako, tulipomaliza hitma, mama mdogo Saumu alinivuta pembeni.

"Mumeo hata leo hakuja? Na dadangu alivyokuwa akimwombea! Kila alfajiri, 'Ya Rabi, mpe nguvu za mgongo, mlinde na ajali, itie baraka kazi ya mikono yake.'"

Nikakaa mkekani nikalia mpaka wakaninywesha maji.

Dua zako nimezipata, mama. Mgongo uko imara, kazi ina baraka tele. Ila ningetoa kila nilicho nacho nikusikie alfajiri moja tu, umekaa kwenye msala wako, unamwombea fundi huyo kwa jina lake.

Mwanao,
Mwanamisi