Saa Moja ya Ziada Ng'ambo ya Daraja

Ijumaa, 1 Septemba

Leo Baba ametukabidhi kwa Mama kwa mara ya kwanza. Mama alihamia Alabama mwezi wa saba, kapata kazi hospitalini. Mimi na mdogo wangu Opal tumebaki na Baba hapa Georgia mpaka jaji aamue. Karatasi ya mahakama inasema: kila baada ya wiki mbili, saa kumi na mbili jioni, kituo cha mafuta ng'ambo ya daraja, upande wa Alabama. Tukafika kwa wakati. Mama hayupo! Baba akatazama saa ya gari, akanuna. Mimi nikatazama simu yangu — saa kumi na moja! Ilijirudisha nyuma tulipovuka mto. Kumbe Alabama wako nyuma yetu saa nzima. Watu wazima wawili na wakili juu, hakuna aliyekumbuka! Nikafungua mdomo nimwambie. Baba akatununulia karanga za kuchemsha. Nikaufunga.

Jumapili, 3 Septemba

Mama katurudisha saa kumi na mbili kamili, kwa saa yake. Baba kavimba ndani ya gari. Mama akasema, "Mwone babako, Darcy. Anawahi makusudi ili mimi nionekane mzembe." Baba naye, tulipopanda: "Saa nzima nimekaa hapa kama gunia!" Wenyewe hawasemeshani. Vioo juu, mabegi chini, kwaheri. Mimi kimya, malaika mtupu.

Ijumaa, 15 Septemba

Saa ya karanga! Huu ni msimu wa kuvuna, nyumbani Baba hatumwoni. Lakini hapa kituoni, tukimsubiri Mama, hana trekta wala pa kukimbilia. Basi anaongea. Kwanza anazitukana karanga — mkulima wa karanga kununua karanga, aibu gani hii! Kisha katusimulia bata mzinga alivyomfukuza siku ya harusi yao, suruali ikachanika nyuma, Mama akaishona kanisani kwa uzi mwekundu. Opal kacheka mpaka karanga ikamtokea puani. Baba naye kacheka. Halafu akatazama saa, akatoa daftari, akaandika.

"Unaandika nini, Baba?"

"Mambo ya wakubwa."

Haya.

Ijumaa, 29 Septemba

Karanga za pilipili. Opal ananiuliza mbona Mama huchelewa kila mara. Nikamwambia kula.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimesoma barua iliyokuwa mezani. Ilikuwa wazi! Karibu wazi. Wakili wa Baba amemwandikia jaji: Mama amechelewa mara sita kati ya mara sita, hajali watoto, wasihamie kwake. Hizo sita ni zangu! Nikisema, huenda Mama akatuchukua, na Baba atabaki na trekta lake. Nisiposema, Mama atatukosa, na hajachelewa hata dakika. Nawapenda wote wawili, wajinga hawa! Nimekula biskuti tisa. Bado sijui la kufanya.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mahakamani, upande wetu wa Georgia. Naandika nikiwa kwenye benchi. Kesi ni saa tatu asubuhi. Sasa ni saa tatu kasorobo. Upande wa Mama hakuna mtu. Wakili anamnong'oneza Baba: asipotokea, tumemaliza kazi. Nilidhani Baba atafurahi. Anatazama mlango tu.

Saa tatu kasoro dakika tano. Ujumbe wa Mama: "Niko njiani, mpenzi. Leo nawahi mimi, babako atashangaa!"

Mungu wangu.

Nimemvuta Baba shati.

"Baba, kwa Mama sasa hivi ni saa mbili."

"Kwa Mama wapi?"

"Alabama. Hata pale kituoni. Mara zote sita, Baba. Nilijua."

Hajanigombeza. Bora angenigombeza! Ameinua macho kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu.

"Mtoto anasemaje?" wakili anauliza.

Karani ameita jina letu. Jaji anauliza kama tunaweza kuanza bila mama. Baba amesimama, kofia mkononi. Wakili anamtikisia kichwa aseme ndiyo. Baba anamwambia jaji, "Tumsubiri saa moja, Mheshimiwa. Kwake bado ni saa mbili."