Niliowaua kwa Maji ya Sabuni

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Siku ya maziko wanaume walikuchukua, sisi wanawake tukabaki nyumbani, nami sikupata kukwambia nililokuwa nalo. Ndiyo maana naandika.

Nimemaliza skuli. Mama anajisifu kwa watu kuwa naendeleza kitalu nyumba chako, na mimi nainamisha uso. Hajui.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kwenye kunde za jirani na chupa ya jamu, tukiokota vidudu wekundu wenye madoa meusi? Tukiwatia kitaluni wakawale vidukari walionyonya majani ya matikiti. Majirani wakipita wakicheka: "Bi Zuwena kafuga wadudu! Wenziwe wafuga kuku!" Nawe ukiwajibu, "Kuku wangu hawa hawanilii mpunga." Mimi nilijificha nyuma yako kwa haya.

Ulipolazwa hospitali ukaniachia kitalu. Siku ya tatu nikaona kwenye majani viwavi wadogo, weusi, wenye miiba mgongoni. Nikadhani ni adui mpya. Ningeweza kukupigia simu. Niliona haya kukusumbua. Niliona haya kuonekana sijui. Nikawaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye maji ya sabuni, asubuhi nzima. Nilijiona hodari, Shangazi.

Jioni ukapiga wewe. Sauti ilikuwa ndogo. "Kuku wangu hawajambo?" Nikasema hawajambo. Kesho yake ukafariki.

Bibi shamba alipokuja kutupa pole nilimpeleka kitaluni. Vidukari wamejaa, majani yamejikunja. Nikamweleza wale weusi niliowaua. Akasema, "Mwanangu, wale ndio watoto wa wekundu. Hawafanani na wazazi wao, lakini kwa kula vidukari hakuna mfano wao." Nililia kuliko nilivyolia siku ya msiba. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Kisha ami Khamis akaja na bomba la dawa. Nikasimama mlangoni. "Ami, ukitia dawa utawaua na waliobaki."

"Hee! Huyu leo kapata ulimi?" Akacheka, ila bomba akaliweka chini. Akanipa muda mpaka mwezi uandame.

Nikawa naenda kwenye kunde peke yangu kila asubuhi kuokota wekundu na kuwatia kitaluni. Miche mingi ilikuwa imeshakufa. Leo, kitaluni, chini ya jani, nimewaona tena wale weusi wa miiba, wanakula. Nilikaa kitako nikawatazama mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Matikiti yatakuwa machache, lakini hayatakuwa na dawa.

Nilitaka kufurahi. Sikuweza. Wewe uliondoka ukiamini hawajambo, na aliyekudanganya ni mimi. Niwie radhi, Shangazi. Najua hutanijibu.

Kwaheri. Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Nami nakuahidi hili: nisichokijua nitauliza, hata uso ukiniwaka kwa haya, na nitauliza mapema, mwenye jibu angali hai.

Mwanao,
Maryam