Baba Ameweka Samadi Kwenye Mtihani Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijasema neno jingine la kujutia, maana hasira zimenifika kooni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimerudi shule ukubwani, nasomea kilimo biashara katika chuo cha jamii, na kazi yangu ya kumalizia kozi ilikuwa matuta sita ya kabichi shambani kwa baba, matatu nikayatia mbolea ya dukani na matatu sikuyatia kitu, makusudi, ili nilinganishe nione kama mkulima ana haja ya mbolea ile au anajisumbua bure. Miezi miwili nimepima majani kwa rula juani, majirani wananiita Profesa Manjano kwa sababu ya yale matuta matatu yaliyodhoofika na kugeuka manjano, nikavumilia, kisha nikaitwa chuoni wiki tatu, kumbe huku nyuma baba anabeba samadi kwa ndoo anayalisha yale matatu nisiyoyatia kitu, kimyakimya, siku nimekuja na mwalimu kukagua tukakuta yote sita yamenawiri, mwalimu akauliza, “Sasa hapa unalinganisha nini na nini?” Baba akajibu kwa furaha, “Nilimsaidia, mwalimu. Yalikuwa yanakufa njaa.”

Mshauri, nilipasuka. Mbele ya mwalimu na majirani nikamwambia, “Mtu hujasoma, si ungeacha tu! Umenirudisha nyuma mwaka mzima!” Akaweka ndoo chini, akaondoka. Leo siku ya tisa hatusalimiani, jembe lake kalipeleka kwa shangazi, shambani hakanyagi tena, mama anataka nikaombe radhi, mimi nasema aliyeharibu ndiye aombe. Mwalimu kanipa mpaka Ijumaa nilete ripoti, la sivyo narudia mwaka. Nifanye nini?

Profesa Manjano

Profesa, pole. Miezi miwili ya rula juani si mchezo, na baba yako alikosea: kazi ya mtu haiguswi bila kuulizwa. Hilo nimelimaliza. Sasa zamu yako, kaa vizuri.

Ulimweleza lini kwamba yale matuta yana njaa makusudi? Barua yako nimeisoma mara tatu, sijaona. Ulipewa shamba, ukatoa rula, ukainama. Mzee akaona mazao ya binti yake yanakauka na watu wanacheka. Ulitaka apige makofi? Unasomea kuuzia watu usiowajua, na baba uliyemkuta nyumbani umeshindwa kumweleza jambo la dakika tano. Halafu yeye ndiye hajasoma! Nimekasirika mpaka chai yangu imepoa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na samadi ndiyo kabisa. Lakini kazi haijafa. Sasa una matuta matatu ya mbolea ya dukani na matatu ya samadi, na mkulima yeyote angependa kujua ipi imefanya nini. Mwombe mwalimu ubadilishe swali. Unachokosa ni hiki: ilianza siku gani, ndoo ngapi kila tuta, ya ng'ombe au ya kuku, ilioza muda gani. Maktaba ya chuo haina majibu hayo. Anayo mtu mmoja tu, na huyo umemnunia siku tisa.

Kesho asubuhi nenda kwa shangazi, lichukue jembe, lirudishe begani mwako majirani wakiona. Mwombe baba radhi palepale ulipomtukania. Kisha fungua daftari, andika anavyosema, usimsahihishe, na jina lake liwemo kwenye ripoti.

Ila usianze na ndoo. Anza na shikamoo. Unadaiwa za siku tisa.