Ngoma ya Eleuterio Paz Imesikika Tena Ng'ambo ya Chumvi

Eleuterio Paz, mzee wetu, mwaka mmoja umetimia tangu Mungu akuite, asubuhi ya Jumapili, kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani, kikiwa bado cha moto mkononi mwako. Tunakuandikia mbiombio kwa sababu tuna habari, na haiwezi kungoja mpaka tukutane mbinguni.

Ulikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Mate ya kwanza, ile chungu, ulikunywa mwenyewe, sisi tukapewa iliyokwisha kulainika. Mchana ulichimba magogo ukayavisha ngozi ya mbuzi na manyoya yake, na hukumfukuza mtoto aliyekuja kugonga ngoma isiyokauka. Sala zako zilikuwa fupi, Mungu anajua, lakini hukuikosa hata moja.

Na kila Jumapili uwanja wetu ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye miguu ya kucheza chacarera. Ulisema ngoma isiyowaita watu wa ng'ambo ya uwanda wa chumvi ni sufuria tu.

Ulipoondoka, tukaufunga uwanja. Kwetu hapa Santiago del Estero nyumba yenye msiba haipigi ngoma mwaka mzima, hata redio hufunikwa kitambaa. Watu walinishauri mimi mkeo nianue matanga mapema, kwani vijana wameshahamia ukumbi wa mjini wenye spika kubwa, na uwanja ukilala mwaka hauamki tena. Niliogopa, mzee wangu. Lakini niliahidi mbele ya Bikira Maria kuutimiza mwaka, na ahadi ni ahadi. Nikangoja.

Jumapili iliyopita, baada ya misa yako, tukaifunua ngoma. Uwanjani tulikuwa sisi, kuku, na masinia ya empanada, zile sambusa zetu, nilizooka kama mwendawazimu. Binti yetu Nélida akaipasha ngozi motoni. Mdogo wako Sixto akajishika kiuno, akasema mkono wa mwanamke haufikishi sauti ya ngoma hata kisimani.

"Baba mdogo," Nélida akamwambia, "wewe kula empanada. Ngoma niachie mimi."

Akapiga. Mbwa wakainuka, Sixto akasahau kutafuna. Akamaliza chacarera moja, akaingia ya pili, ya tatu, na njia bado tupu, nami rozari imeninata kiganjani kwa jasho. Mara vumbi likatimka upande wa chumvi.

Alikuwa jirani yetu Doña Felisa juu ya mkokoteni wake wa farasi, kiti chake amekifunga nyuma. Hakungoja hata kushuka.

"Nimeisikia nikiwa zizini," akasema. "Nikadhani Eleuterio amefufuka. Nikatega sikio vizuri, nikasema hapana, huyu anajua kupiga."

Tulicheka mpaka Sixto akaketi chini. Nyuma ya Felisa wakaja majirani wengine, akina Ledesma, na fidla yao, kisha vijana wa mjini kwa pikipiki, wakiuliza kama empanada zimebaki. Jua lilipotua hapakuwa na pa kuweka mguu. Nami, niliyevua nguo nyeusi asubuhi ile, nikachezeshwa na Sixto, ambaye bado anakanyaga watu.

Pumzika, mzee wetu. Jumapili ijayo wameniambia nioke mara mbili ya zile.

Tunakuombea na hatutachoka kukukumbuka: mkeo Delmira, binti yako Nélida na mumewe Ramiro, mdogo wako Sixto, wajukuu zako Brisa na Lautaro, na majirani wote wa pande mbili za chumvi. Daima umo mioyoni mwetu.