Fidèle Amekatazwa Dramu

Jumatatu, 3 Novemba
Mazoezi kwenye chumba kilicho nyuma ya sehemu ya kufulia ya hoteli, kama kawaida. Joto la pasi, harufu ya sabuni. Tumerudia swingi mpaka mpiga besi akaomba poo. Hoteli imekubali wazo langu: Jumamosi ya tarehe 15, jioni nzima ya historia ya jazi. Tutaanza na matarumbeta ya barabarani, tupite bluzi, swingi, bebop, mpaka ile ya vinanda vya umeme. Mimi nitapuliza saksafoni na kueleza. Bila shaka nitaeleza sana.

Bila Fidèle, mpiga dramu wetu, hakuna historia. Kila jazi ilipobadili nguo, dramu ndiyo ilitangulia. Zamani ngoma kubwa ilipigwa watu wacheze. Kisha mapigo yakahamia juu kwenye toazi, yakaenda mbio, wachezaji wakashindwa, wakakaa kusikiliza. Fidèle anayajua yote hayo kwa mikono, wala hajasoma popote. Nina kiherehere. Tarehe 15 iko mbali mno.

Jumatano, 5 Novemba
Fidèle hakuja. Alipiga simu baadaye, sauti ya chini. "Mwalimu, kuko mutu aliniona ku hoteli. Pasta ananiita. Bon, anajua nilipiga siku moja tu. Nitaomba musamaha, itaisha. We nyamaza tu."

Anapiga dramu kanisani kwao, walokole wa kule mlimani. Kwao ukikutwa unapiga muziki wa dunia, unasimamishwa. Huimbi, hupigi. Na kama unaoa, hufungiwi ndoa mbele ya kwaya. Mnabarikiwa ofisini, mlango umerudishwa, kama watu waliokuja kuchukua cheti. Fidèle anaoa tarehe 22. Mchumba wake, Clémence wa Nyamyumba, anaimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyohiyo. Tangu akiwa msichana amewaimbia maharusi wengine.

Ninyamaze. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyekulia Bukoba, niliyeanza kubishana kabla sijajua kutembea.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda kwa pasta. Hakuna aliyenituma. Nilibeba simu na kispika kidogo. Nilijiambia, mtu akijua jazi ilitoka wapi hawezi kuichukia.

Mtu mpole. Akanipa chai ya maziwa. Nikamsikilizisha nyimbo za watumwa wakimlilia Mungu, kisha matarumbeta ya mazishi, yale yanayokwenda makaburini polepole na kurudi kwa shangwe. Kisha bluzi. Kisha swingi. Mguu wake ulikuwa unatikisika chini ya meza, niliuona! Nikapata moto. Nikamwambia jazi ni mtoto wa kanisa aliyehama nyumbani. Nikamwambia kila mtindo mpya wazee waliuita kelele, na wajukuu wao wakauita urithi. Nikamalizia kwa kujigamba: "Muulize Fidèle, amepiga mitindo yote hii na mimi kila Jumamosi, mwaka wa tatu huu."

Pasta akaweka kikombe chini. "Mwaka wa tatu?"

Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Jumapili, 9 Novemba
Amesimamishwa. Ndoa itabaki tarehe 22, lakini ofisini. Bila kwaya, bila ala, na hata huko nyumbani kwenye sherehe, ikisikika ala yoyote ya dunia, adhabu inaongezwa. Mpiga besi ndiye aliyeniambia. Fidèle hapokei simu yangu.

Nina hasira na pasta. Nina hasira na huyo mchongezi. Uongo. Nina hasira na mimi. Nimetembea hadi Grande Barrière, pale mpakani, nikatazama watu wakipanga foleni kuvuka kwenda Goma, nikarudi. Sikuwa na shughuli yoyote huko.

Jumanne, 11 Novemba
Clémence alinisubiri kwenye geti la shule. Hakulia. Afadhali angelia.

"Mwalimu, ulienda kutafuta nini kwa pasta?"

Akasema kwaya ilikuwa imeshajifunza wimbo wake, aliuchagua mwenyewe. Kwa haraka nikamwambia tutakuja kupiga kwao Nyamyumba, bure, bendi nzima. Yewe! Alinitazama nikajiona mpumbavu. "Ukipiga, watamuongezea. Usilete hata filimbi. Ukitaka kuja, kuja ukae."

Nikaitika ndiyo. Neno moja tu. Ningelijua mapema.

Jumamosi, 15 Novemba
Tumepiga bila dramu. Mpiga kinanda alitaka kuweka mashine ya mapigo, nikamkatalia kwa ukali. Matarumbeta ya barabarani yalipwaya. Bluzi ikakwama. Kwenye bebop nilikimbia peke yangu, nikawa napuliza huku nasubiri toazi ambalo halikuja. Wageni walipiga makofi. Meneja alifurahi, eti leo muziki ulikuwa mtulivu, watu waliweza kuongea.

Hakuna aliyesikia pengo ila sisi watatu. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumatano, 19 Novemba
Nimemwandikia Fidèle ujumbe, nikaufuta. Nikaandika tena, mrefu zaidi. Nikaufuta. Darasani nimemfokea mwanafunzi aliyekuwa anagonga dawati. Alikuwa anagonga vizuri.

Jumamosi, 22 Novemba
Nyamyumba. Saksafoni nimeiacha nyumbani, chini ya kitanda.

Turubai jeupe, viti vya plastiki, sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, viazi, fanta. Walikuwa wameshatoka ofisini kwa pasta. Hotuba zikasemwa zikaisha. Arusi nzima ikabaki na mlio wa sahani. Clémence, ndani ya shela lake, alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Fidèle alitazama kila mahali isipokuwa nilipokaa. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi yake Clémence, anayeuza sambaza sokoni, akaweka sahani chini. Akajifuta mafuta kwenye kitenge. Akaanza kupiga makofi. Polepole, akaanzisha wimbo wa kanisani kwao. Wanawake wa upande wake wakapokea. Upande wa pili wakajibu, makofi yao yakiingia katikati ya yale ya kwanza. Ala hakuna. Wa kumsimamisha hakuna. Mzee wa kanisa mwenyewe alikuwa anapiga.

Clémence akainua uso. Akaingia na sauti ya kwanza, kwenye arusi yake mwenyewe, na turubai zima likasimama.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi, kuhusu makofi, kuhusu wapi yalipita na yakawa nini ng'ambo ya bahari. Jirani yangu alikuwa amenigeukia kabisa, tayari kusikiliza. Nikayameza. Nikapiga makofi na wenzangu.

Fidèle alikuja na suti yake, akasimama nyuma ya kiti changu. Sikugeuka. Alisikiliza kidogo. Kisha akainama.

"Mwalimu, unachelewa."

Nikasahihisha makofi yangu. Tukaendelea.