Kitabu cha Baba Kifunguliwe Kulia

Ukunda,
Novemba 1998

Kaka yangu Iddi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumai baridi ya Nairobi haijakuchosha na kazi yako inakwenda vyema. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu sana. Mgonjwa ni mimi, kaka. Naumwa na hasira, na aliyenitia hasira hizo ni baba.

Unajua kwamba amemaliza kitabu chake cha mawaidha, na Ijumaa ijayo baada ya swala atasimama msikitini Gazi awasomee watu. Kukipiga chapa nimepewa mimi, hapa ofisini kwa Kilonzo ninapofanya kazi. Sharti lake baba lilikuwa moja tu: kifunguliwe kulia kama vitabu vyake vya Kiarabu vya chuoni. Nilimwambia maandishi yenyewe ni ya Kiswahili, kwa herufi za kizungu. Akasema herufi ni za kizungu, yeye si mzungu.

Basi nikayakanyaga. Kompyuta hii imeshika kwamba ukurasa wa kwanza ni wa kulia na wa pili ni wa kushoto. Namba huwekwa ukingo wa nje, na upande wa ndani huachwa nafasi pana ya kushonea. Kitabu cha baba kinataka kinyume chake. Nikageuza nafasi, namba zikakimbilia kwenye mshono. Nikageuza namba, mshono ukameza maneno. Kilonzo akacheka, akasema mashine yajua kushoto na kulia kumshinda mzee wangu. Kila jioni nikirudi nyumbani namlalamikia baba habari za namba hizo, naye hujibu polepole kwamba subira huvuta heri. Wallahi nilitamani kulia.

Juzi nikachoka. Nikakishona vile atakavyo Kilonzo, kifunguliwe kama vitabu vya shule, na nyuma nikaacha karatasi tupu za kulinda maandishi. Nikampelekea baba nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua upande wake, yaani kwa nyuma. Akapiga Bismillahi, akaanza kusoma. Alisoma dibaji yote bila kukwama, akafunua karatasi, akaendelea. Kisha akatabasamu, akaniambia, “Sasa umeweza, mwanangu. Namba zimekaa nje.”

Kaka, karatasi zile zilikuwa nyeupe. Hazikuwa na namba wala herufi.

Baba haoni. Sijui tangu lini. Ndiyo maana kitabu chote alikisema kwa mdomo, mama akaandika, nami nikadhani ni uvivu wa uzee. Nilimjibu alhamdulillahi, nikaenda uani nikalia.

Leo asubuhi nimezianza upya kurasa za kushoto na za kulia, na Kilonzo akicheka na acheke. Baba atafungua upande wake mbele ya watu, na walioketi safu ya kwanza sitaki waone karatasi tupu mikononi mwake.

Nakuomba uombe ruhusa uje kabla ya Ijumaa. Wewe ndiwe baba anayekusikiliza, labda atakubali kupelekwa akaangaliwe macho. Lakini ukifika, kitabu akikupa ukisome, kipokee kwanza kama hujui lolote.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na Mungu akulete salama.

Ni mimi ndugu yako,
Twaiba